Udongo wa volkano ni udongo gani?

Pita bonde la mpunga Unguja wakati wa kiangazi, jua likiwa kali, utaikuta ardhi imepasuka mipasuko ya kutia kiganja. Masika yakishuka, ardhi ile ile inavimba, mipasuko inaziba, na ndara yako inabaki pale pale ulipokanyaga. Wakulima wetu huuita udongo huo kinamo, kuutenga na kinongo chekundu cha juu ya mawe na kichanga cha minazi. Jina linajieleza: chenye kinamo hunama, hakikatiki.

Siri iko kwenye umbo la chembe zake. Kila moja ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, na ndani yake imepangwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokunjwa kwa mafuta kabla ya kusukumwa. Katika baadhi ya udongo maji hupenya baina ya tabaka na kuzisukuma zitengane, ndiyo ukavimba. Katika mwengine tabaka zimeshikana, maji hayaingii. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atakayeununua.

Sasa volkano inaingiaje? Jiwe la volkano likitoka ndani ya ardhi ni la moto, na likipoa haraka sehemu yake kubwa hubaki kioo. Kioo hicho hakitulii. Majivu, ambayo mengi ni vipande vidogo vya kioo hicho, yakiangukia ziwani au baharini, maji huanza kukitafuna polepole, na kwa muda mrefu sana kinageuka udongo unaovimba. Tabaka la udongo wa namna hiyo huitwa bentonaiti, jina lililotolewa Marekani mwaka 1898 kwa kufuata tabaka za mawe za huko zinazoitwa Fort Benton. Njia ya pili ni maji ya moto yanayopanda kwenye nyufa za mwamba: yanachukua sodiamu na potasiamu, yanaacha udongo mweupe usiovimba, yaani kaolini. Mvua nyingi na joto, zikipewa muda wa kutosha, nazo hufanya kazi hiyo hiyo kuanzia juu. Jina la kaolini limetoka Gaoling, China, kwenye udongo uliofinyangiwa sahani za kaure, zile zile ambazo wazee wetu wa pwani walizipachika makaburini.

Wanunuzi wa udongo hizi mbili ni tofauti. Bentonaiti hutakiwa na wachimbaji wa visima: tope lake hushikilia kuta za shimo lisiporomoke na hupandisha juu vipande vya mawe. Viwanda vya kuyeyusha chuma navyo huitumia kugandisha mchanga wa kalibu. Kaolini huenda kwenye karatasi, rangi na vyombo. Lakini zote mbili ni nzito na bei yake kwa tani si kubwa, kwa hiyo nauli inaweza kuimeza faida yote. Mlima wa udongo safi ulio mbali na barabara ni mandhari tu. Na kuna chuma: kidogo tu kikiwemo, udongo hupoteza weupe tanurini, kikizidi hutoka mwekundu, na mtengeneza kaure anaondoka.

Huku visiwani hatuna volkano, na yeyote anayeuza kiwanja kwa hadithi ya "madini ya volkano" Unguja au Pemba asikilizwe kwa tahadhari. Mawe yetu ni matumbawe, na chini yake mchanga na udongo wa zama za Miosini, mamilioni ya miaka iliyopita, mashapo yaliyotuama majini, si lava. Kinamo kinachopasuka kinaonesha kuwa madini yenye kuvimba yamo, ila madini hayo hayazaliwi na majivu peke yake. Hata kaolini ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, imo kwenye mawe ya mchanga. Volkano za Tanzania ziko Bara ndani, Kilimanjaro, Meru, Rungwe.

Ukitaka kuujua wako, usianze na maabara. Chukua donge, lilowanishe, livingirishe liwe kama mnyoo, kisha lizungushe kwenye kidole. Likikatika, mchanga umezidi. Likizunguka bila ufa, hapo kuna kinamo, na mfinyanzi mwenyewe atakwambia uchanganye mchanga kidogo au vigae vilivyopondwa, chungu kisipasuke kikikauka. Halafu kichome. Kikitoka chekundu mnunuzi wa kaure hatakitaka, lakini atakayepikia samaki wa nazi atauliza bei.