Dirishani kwa Afisa Udahili: Kwa Anayeomba Kusomea Udaktari

Mwezi wa tisa, mwaka mmoja, mama mmoja alifika ofisini kwetu na kijana wake, bahasha ya kaki kwapani. Kijana alikuwa amechaguliwa Shahada ya Udaktari katika vyuo viwili, kwetu na kwingine, na alitakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Namba ilikuwa imetumwa, na ilifika salama kabisa, ila ilifika kwenye simu ya jamaa wa steshenari ya jirani na stendi ya mabasi. Wakati wa kuomba, kijana alikuwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Jamaa akamjazia fomu, akaweka namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe aliyoitunga palepale. Sasa steshenari imehama na simu haipatikani.

"Kaka yangu, nisaidie," mama akasema. "Si ninyi ndio mnaochagua?"

Nimefanya kazi ya udahili miaka mingi, na swali hilo nimelisikia kwa lafudhi zote za nchi hii. Jibu lake ni hapana, na mambo mengi yanayoharibika kati ya mwombaji na ofisi yetu yanaharibika kwa sababu mwombaji haamini hiyo hapana. Anadhani tuna nafasi za akiba droani, kwa hiyo anakuja kubembeleza, kutisha au kununua, na wakati huo kitu kidogo ambacho kweli tungeweza kumfanyia hakiombi.

Nieleze kwanza nani anachagua. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa mwongozo wa udahili. Kwa kila kozi ya kila chuo, mwongozo unaonyesha sifa za chini, miaka ya masomo, na idadi ya wanafunzi ambao chuo kimeruhusiwa kuwapokea. Kwa anayetoka kidato cha sita, udaktari unadai ufaulu wa ngazi ya juu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na alama hugeuzwa pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni. Kabla ya hapo, kuanzia 2010, maombi yalipita kwenye mfumo mmoja wa pamoja wa Tume. Chuo kinawapanga waombaji kwa ufaulu, kamati inapitisha majina, majina yanakwenda TCU kuhakikiwa, ndipo yanatangazwa.

Hapo katikati utaona afisa udahili hana kiti cha kugawa. Sifa za chini nazo ni za chini tu: zinakuruhusu kuingia kwenye foleni, hazikufikishi mbele yake. Kozi ya udaktari ikiwa na nafasi mia mbili na wenye sifa ni maelfu, mwenye sifa za chini anakuwa hajakosea chochote ila hafikiwi. Idadi haiongezwi kwa huruma, kwa kuwa imefungwa kwenye walimu, maabara na vitanda vya hospitali ya kufundishia. Wanafunzi ishirini wakizunguka kitanda kimoja cha mgonjwa, wa nyuma hasikii kitu.

Lakini afisa huyohuyo ana mamlaka ambayo watu hawayatumii. Anaweza kufungua taarifa zako kwenye mfumo na kukuambia maombi yamefika au yameishia njiani. Anaweza kukwambia ni cheti gani hakikuonekana vizuri. Akiridhika kwamba wewe ndiye mwenyewe, anaweza kushughulikia mabadiliko ya namba ya simu na barua pepe. Anaweza kupokea malalamiko yako kwa maandishi na kuyafikisha yanakotakiwa. Kijana wa bahasha ya kaki alisaidiwa kwa njia hiyo: tulilinganisha cheti chake cha kumaliza shule chenye picha na matokeo yake, namba ya simu ikabadilishwa, akaingia kwenye akaunti yake na kuomba ujumbe utumwe upya, akathibitisha. Kazi nzima haikufika saa moja. Mama alikuwa amepoteza siku nne akimtafuta mtu wa kumjua ofisini.

Kuhusu steshenari, sina ugomvi nao. Wanafanya kazi ambayo shule na vyuo tungepaswa kuifanya, na wengi ni waaminifu. Ila mtu anayejaza fomu arobaini kwa siku anaandika kinachomrahisishia yeye. Kaa pembeni yake. Namba ya simu iwe yako au ya mzazi, na laini isajiliwe kwa jina la mtu mnayemfahamu. Barua pepe ifunguliwe kwa jina lako na nywila uiandike kwenye daftari lako, si kwenye kikaratasi kilichobandikwa ukutani kwake. Kama unakwenda JKT kwa mujibu wa sheria, mwachie mtu mmoja tu wa nyumbani jukumu hili, mmoja, maana wajomba watatu wakishika akaunti moja kila mmoja anabadilisha nywila ya mwenzake.

Sasa, namna ya kuuliza. Barua nyingi tunazopokea zinaanza vizuri sana: "YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MASOMO. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Kisha zinafuata aya tatu za historia ya familia, ndoto ya tangu utotoni, ugonjwa wa bibi, na mwisho "natanguliza shukrani". Namba ya mtihani hakuna. Mimi ninayesoma nimeguswa, kweli, lakini siwezi kufungua faili kwa kuguswa. Ninahitaji namba ya mtihani wa kidato cha nne, pamoja na mwaka. Mwaka ni lazima, kwa sababu namba ya shule na ya mtahiniwa hujirudia kila mwaka. Bila mwaka naweza kufungua taarifa za mtu mwingine kabisa. Kama ulirudia mtihani kwa kujitegemea, zile namba zinazoanza na P, taja zote mbili, ya kwanza na ya marudio. Ujumbe mzuri unaweza kuwa mfupi kama huu:

"Ndugu Afisa Udahili, naitwa (majina matatu kama yalivyo kwenye cheti), namba ya mtihani wa kidato cha nne (namba na mwaka). Niliomba Shahada ya Udaktari tarehe fulani. Mfumo unaonyesha malipo hayajapokelewa, nami nimeambatanisha risiti. Naomba kujua kama maombi yangu yamekamilika."

Swali moja, ushahidi mmoja. Barua ya namna hiyo hujibiwa kabla ya kahawa kupoa. Ukiwa na maswali matano, anza na lile ambalo dirisha la maombi linaweza kufungwa kabla hujajibiwa. Na usitume ujumbe huohuo kwa anwani sita za chuo kimoja ukidhani mmoja atawahi. Kinachotokea ni kwamba kila mmoja anadhani mwenzake ameshajibu.

Mlango wa ofisi nao una watu wake. Katibu muhtasi, mlinzi wa getini, karani wa masijala: hao ndio wanaojua msajili yuko kikaoni hadi saa ngapi, barua yako imelala meza gani, na ni siku ipi hakuna foleni. Mwombaji anayempita mama wa mapokezi bila salamu ili akamwamkie bosi kwa kuinama anaonekana, na hasahauliki upesi. Shikamoo haigharimu. Sisemi atakupendelea kwa salamu, hawezi. Nasema atakwambia "rudi Jumanne, leo hayupo" badala ya kukuacha ukae kwenye benchi mpaka jua lizame. Na tukubaliane upande wa pili: tunao wenzetu wanaojibu kwa mkato, hasa wiki ya mwisho ya dirisha. Si haki, na sitawatetea. Ila mwombaji anayejibizana nao anatoka na hasira bila taarifa.

Wazazi, hili ni lenu. Taarifa za udahili ni za mwombaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana tusizimwage. Shangazi akipiga simu kuuliza matokeo ya mtoto wa dada yake, afisa makini atamwomba mwombaji mwenyewe apige. Haimaanishi dharau wala ukoo hautambuliki. Njooni pamoja, lakini mwacheni kijana azungumze. Anayetaka kuwa daktari atakuja kuulizwa maswali magumu zaidi ya namba yake ya mtihani.

Kisha kuna vishoka. Hawa huvuna kati ya kufungwa kwa dirisha na kutangazwa kwa majina, wakati kila mtu roho iko juu. Anapiga simu, anataja jina lako na kozi uliyoomba, anajitambulisha kuwa wa "ofisi ya udahili", anasema jina lako liko kwenye orodha ya akiba na likipewa msukumo litapanda. Anataka fedha kwenye namba ya simu. Ujuzi wake wote ni kwamba ameyaona maombi yako mahali, pengine palepale steshenari. Kwa vyuo vya umma, malipo hupita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile mtaani wanayoiita kontroli namba, na unapoiingiza benki au kwenye simu jina la taasisi inayolipwa linajitokeza kabla hujathibitisha. Jina la mtu likijitokeza, acha. Na hapa kuna kipimo kingine rahisi: mtu anayekuhakikishia kuchaguliwa kabla TCU haijamaliza kuhakiki anakuuzia kitu ambacho hata mkuu wa chuo hana.

Anayeombwa rushwa na mtumishi halisi, ya fedha au ya ngono, asibaki nalo moyoni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inataja zote mbili, na simu ya bure ya TAKUKURU ni 113. Hifadhi ujumbe, usiufute kwa aibu. Kumbuka pia kuwa sheria hiyohiyo inamgusa mtoaji, kwa hiyo "nimempa tu ya soda" si utetezi.

Wanaotoka stashahada, hasa maafisa tabibu wanaotaka kupanda hadi udaktari, wana njia yao na usumbufu wake. Kabla ya kuomba chuo kikuu wanatakiwa wapate namba ya uhakiki wa tuzo, inayojulikana kwa kifupi AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Sisi hatuitoi na hatuwezi kuiharakisha. Chuo chako cha zamani kikichelewa kupeleka matokeo yako, kelele zako zipeleke huko, mapema, miezi kabla ya dirisha. Vivyo hivyo aliyesoma sekondari Uganda, Kenya au nchi nyingine anahitaji kwanza matokeo yake yalinganishwe na Baraza la Mitihani, NECTA. Nimeona watu wazima, wenye miaka ya kazi wodini, wakipoteza mwaka mzima kwa sababu walikuja kupanga foleni kwenye dirisha lisilo lao.

Majina ni balaa jingine. Cheti cha kidato cha nne kina majina matatu kamili, cha sita kina herufi ya kati tu, cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo hakuna mtu shuleni aliyewahi kulisikia. Herufi iliyokosewa na jina lililobadilika kabisa havitibiwi kwa karatasi ileile. Moja huenda ikaisha kwa kiapo, nyingine ikahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Uliza ofisi inataka ipi kabla hujamlipa wakili, na uliza kwa maandishi.

Ukiona umeonewa kweli, mathalani matokeo yako yaliingia vibaya au malipo yalipokelewa na maombi hayakusomwa, usianzie kwa waziri wala kwenye mitandao. Andika kwa mkuu wa kitengo cha udahili, kisha kwa msajili, ukiambatanisha majibu ya mwanzo. TCU inapokea malalamiko, lakini jambo la kwanza itakalotaka kujua ni chuo kilikujibu nini. Ukifika mikono mitupu utarudishwa ulikotoka. Kwa hiyo kila ukijibiwa kwa mdomo, ukifika nyumbani tuma barua fupi: "Leo nimeelezwa hivi na ofisi yenu, naomba kuthibitishiwa." Aliyekujibu kwa uhakika hatakasirika.

Na kama umekosa, uliza swali lenye jibu. "Kwa nini sijachaguliwa?" litakuletea sentensi moja kuhusu ushindani. "Aliyechaguliwa wa mwisho alikuwa na pointi ngapi?" na "kozi gani za afya bado zina nafasi awamu ya pili ya udahili?" yanaweza kukupa kitu cha kufanyia kazi wiki hiyohiyo. Udaktari mara nyingi hujaa awamu ya kwanza.

Jambo la mwisho ni saa. Mifumo ya maombi hufungwa saa sita usiku ya siku iliyotangazwa. Ofisi za umma hufungwa saa tisa na nusu alasiri. Kati ya hapo kuna saa nane na nusu ambazo mfumo unapokea maombi, unakataa picha, unagoma kusoma malipo, na simu yetu inaita kwenye chumba chenye giza. Kila mwaka, asubuhi inayofuata, tunakuta benchi limejaa.