Je, wajua kwa nini mabati ya karibu na viwanda huliwa na kutu mapema?

Panda ghorofa yoyote inayotazama Mukuru, jirani na viwanda vya Industrial Area hapa Nairobi, uangalie mapaa. Machache yangali yanang'aa. Mengi yamekuwa mekundu kama udongo wa Kiambu. Utaambiwa ni mabati ya bei rahisi, geji 32 badala ya 30 (namba ikizidi, bati ni jembamba zaidi). Kuna ukweli hapo, ila si wote.

Mabati ni chuma kilichovikwa zinki. Zinki ikikaa hewani hujitengenezea utando wa kijivu usioyeyuka ovyo, na utando huo ndio mlinzi wa paa. Sasa kiwanda kikichoma mafuta mazito au makaa ya mawe, salfa iliyomo hutoka ikiwa gesi ya salfa dioksaidi. Gesi hiyo ikikutana na maji huishia kuwa asidi, nayo asidi huugeuza utando ule kuwa chumvi inayoyeyuka. Mvua ikinyesha, mlinzi anasombwa hadi mferejini. Kutu huanzia mara nyingi kwenye tundu la msumari, ambako fundi alishaitoboa zinki.

Jina la mvua ya asidi tumelipata kwa Mskoti Robert Angus Smith, aliyeichunguza mvua ya Manchester mwaka 1852. Jina lenyewe linapotosha kidogo. Karibu na bomba la moshi, sehemu kubwa ya uchafu huu hushuka mkavu: gesi inagusa bati na kung'ang'ania. Usiku wa Julai, baridi ikishika, hewa nzito hulala chini na moshi haupandi. Umande unaloanisha paa, gesi inaingia kwenye tone, na jua likilikausha tone hilo asidi inazidi makali. Mvua kubwa ya masika angalau huosha. Manyunyu hulowesha tu.

Kupima nako kuna mitego. Asidi hupimwa kwa pH, namba ambayo kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Hata mvua safi ina pH ya karibu 5.6, kwa sababu ya kaboni dioksaidi ya kawaida. Ikiwa 4.6, asidi imeongezeka mara 10. Chombo kizuri cha kukingia mvua hujifungua tone la kwanza likianguka na kujifunga mvua ikikatika, maana vumbi lenye chokaa likiingia hupooza asidi na kipimo kinadanganya. Na anayekinga mvua peke yake hajapima ile gesi kavu. Vile vidude vya bei nafuu vya kupima hewa vinavyofungwa ukutani siku hizi, vingi huhesabu chembe za vumbi tu. Salfa dioksaidi inavipita hivi hivi.

Kudhibiti je? Kurefusha bomba la moshi ni kumpelekea jirani taka. Uingereza ilifanya hivyo, ikachangia kuua samaki kwenye maziwa ya Norway na Sweden. Afadhali kuitoa salfa yenyewe. Januari 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, badala ya 500. Lakini hiyo ni ya magari; mafuta mazito ya boila huwa na salfa nyingi mno kuliko hapo. Huko dawa ni kuunyunyizia moshi maji ya chokaa kabla haujatoka. Salfa inanaswa na kugeuka jasi, ile ile ya dari za jipsamu unazoziona kwenye nyumba mpya.