Raskazone: Nyuki Hawakuishinda Vita Peke Yao

Jioni watu wa Tanga huenda Raskazone kupunga upepo na kuogelea. Usiku wa Novemba 2, 1914, rasi hiyo ilianza kupokea wanajeshi wa Uingereza waliotoka India, jumla yao wapatao 8,000, waliotumwa kuuteka mji huo, uliokuwa chini ya Wajerumani, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Dhana iliyoshika mizizi ni kwamba Wajerumani walitega nyuki, na nyuki ndio waliowatimua Waingereza. Nyuki walikuwepo kweli. Mizinga ya magogo ilining'inia mitini mashambani, risasi zikaipasua, wakatoka kwa hasira. Lakini hawakutegwa na mtu, na hawakuchagua wa kumuuma: upande wa Wajerumani nao waliumwa.

Mambo ya Waingereza yaliharibika kabla ya hapo. Asubuhi ya Novemba 2, manowari HMS Fox iliingia bandarini kuutaka mji usalimu amri, kisha muda ukapotea katika kuhofia mabomu ya majini ambayo hayakuwepo. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akapata nafasi ya kuwaleta askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi. Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza, naye alikuwa amekataa msaada wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), walioijua nchi hii kuliko watu wake waliochoshwa na safari ndefu ya meli. Novemba 4 baadhi yao, Wagurkha na Wakashmiri, walifika hadi ndani ya mji. Kilichowarudisha wote nyuma ni bombomu (bunduki za rashasha) za Wajerumani, na shambulio lao la ubavuni kutoka kusini.

Wengine husema vilikuwa vita vya Wazungu. Hili linaniuma zaidi. Waliosimama mbele ya Tanga, watu 1,000 hivi, wengi wao walikuwa askari Waafrika, nao ndio waliouawa wengi kuliko Wajerumani. Waliokuja kuwapiga wengi wao walikuwa Wahindi. Wote waliitumikia serikali ya mkoloni, lakini tukiwasifu nyuki tu, hao waliokufa pale tunawafuta.

Novemba 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha bunduki mamia na risasi 600,000. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, ambazo kila ukifyatua hutoa wingu la moshi, adui akajua ulipolala. Kwa silaha hizo zilizoachwa ufukweni, kompania nzima zilibadilishiwa bunduki. Tanga ilitekwa baadaye, Julai 1916.