Kuchapisha namba kubwa katika lugha ya C: dhana potofu na ukweli

Anayeandika programu ya mahesabu ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa mjini Moshi hukutana na namba kubwa mapema kuliko anavyotarajia. Aina ya int yenye biti 32 hukomea 2,147,483,647, na ikiwa fedha zinatunzwa kwa senti ili kukwepa makosa ya desimali, kikomo hicho ni shilingi milioni 21 na ushei tu. Ndiyo maana wengi huhamia int64_t, aina ya namba kamili yenye biti 64, wakaamini kuwa kazi imekwisha. Kwa upande wa kuhifadhi imekwisha kweli; dhana potofu hujaa kwenye kuchapisha.

Iliyoenea kuliko zote ni kwamba long, aina nyingine ya namba kamili, ina biti 64, hivyo %ld, alama ya kuichapisha, inatosha. Kiwango cha lugha ya C kinadai tu kwamba long isipungue biti 32, na kila mfumo umechagua njia yake: kwenye Linux na macOS za biti 64, long ina biti 64, ilhali kwenye Windows ya biti 64 imebaki na 32. Mwanafunzi wa Arusha anayeandika programu kwenye kompyuta ya Windows na kuipeleka kwenye seva ya Linux anavuka mpaka huo bila kuuona. Hata panapolingana ukubwa, jina laweza kutofautiana, kwani int64_t ni long kwenye Linux ya biti 64 lakini ni long long kwenye macOS.

Dhana ya pili ina madhara makubwa zaidi, nayo ni kudhani kwamba printf huitambua aina ya thamani iliyopewa. Printf ni funksheni ya kuchapisha inayopokea idadi yoyote ya hoja, yaani thamani inazopewa, na haina njia ya kujua kilichopitishwa isipokuwa kwa kusoma maandishi ya umbizo, yaani yale yenye %d na wenzake. Umbizo likisema int huku hoja ikiwa int64_t, kiwango kinaliita hilo tabia isiyobainishwa, maana yake lolote laweza kutokea, likiwemo jibu sahihi. Na jibu sahihi ndilo linaloipa dhana hii maisha marefu: kwenye kompyuta za leo za x86 (prosesa za aina ya Intel na AMD) za biti 64, hoja za kwanza hupitia rejista, yaani vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa, kwa hiyo namba ndogo iliyochapishwa kwa %d hutoka salama na mwandishi haoni sababu ya kushuku. Kwenye x86 ya biti 32, hoja hupangwa kwa kufuatana kwenye kumbukumbu. Namba ya biti 64 huchukua nafasi mbili, printf husoma moja, kisha hoja inayofuata husomwa kutoka kwenye nusu iliyobaki. Kiasi cha fedha kitaonekana sawa, ila mwanachama namba 4127 ataandikwa 0, na mtu atatumia siku nzima kutafuta kosa kwenye orodha ya wanachama.

Wapo wanaoamini kwamba onyo la kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, huponywa kwa kugeuza thamani kuwa (long). Onyo hunyamaza kweli. Lakini kwenye Windows, namba 3,000,000,000 hukatwa na kuchapishwa -1,294,967,296, deni ambalo hakuna aliyelikopa.

Njia sahihi imekuwepo tangu kiwango cha C99, ndani ya faili la maktaba liitwalo inttypes.h:

printf("Jumla: %" PRId64 "\n", jumla);

Wengi huiona sura hii kama uchawi, au hudhani PRId64 ni funksheni. Ni makro, yaani jina ambalo kompaila hulibadilisha kwa maandishi mengine, inayobeba kipande cha maandishi tu, kama "ld" au "lld" kulingana na mfumo, na kompaila huunganisha maandishi yanayofuatana kuwa kitu kimoja. Alama ya asilimia iliachwa nje ya makro kwa makusudi, ili upana uweze kuwekwa kabla yake, kwa mfano "%20" PRId64. Kwa maoni yangu, ujumbe mrefu husomeka vizuri zaidi ukigeuza thamani kuwa (long long) na kutumia %lld, jambo ambalo nalo ni halali. Kwa scanf, funksheni ya kusoma data, hata hivyo, ugeuzaji huo haupo: tumia SCNd64, si PRId64, kwa sababu hapo kosa la ukubwa huandika juu ya kumbukumbu ya kigezo kingine. Kwa size_t (aina ya ukubwa wa kumbukumbu) tumia %zu; off_t (nafasi ndani ya faili) na time_t (wakati) hazina alama zao, hivyo off_t hugeuzwa kuwa intmax_t, namba kamili kubwa kuliko zote, na kuchapishwa kwa %jd, na time_t hufanyiwa hivyo hivyo pale ilipo namba kamili.

Je, %lld hufanya kazi kila mahali? Maktaba za zamani za Microsoft zilitaka %I64d, na maktaba ya Arduino ndogo zenye chipu za AVR haichapishi biti 64 kabisa. Huko int yenyewe ina biti 16 na hukomea 32,767, kwa hiyo mizani inayopima gunia la kilo 60 kwa gramu imeshazidiwa kabla hata ya kufika kwenye printf.

Mwisho, kuna imani kwamba -Wall, chaguo la kompaila linalowasha maonyo, isipotoa onyo, programu inahamishika. Kompaila za GCC na Clang hukagua umbizo kwa kulinganisha na mashine inayolengwa wakati huo tu: %ld pamoja na int64_t hupita kimya kwenye Linux ya biti 64, na onyo hujitokeza pale programu hiyo hiyo inapokusanywa upya kwa -m32, yaani kwa mashine ya biti 32. Ukaguzi wenyewe hufanyika pale umbizo lilipoandikwa waziwazi. Kwa funksheni ya kumbukumbu za matukio uliyoitunga mwenyewe juu ya vprintf (ndugu ya printf inayopokea hoja zilizokwisha kukusanywa), ongeza __attribute__((format(printf, 1, 2))), ukibadilisha namba hizo mbili kufuata nafasi ya umbizo na ya hoja ya kwanza inayokaguliwa.