Kubinya kichwa ili akili itulie: maswali na majibu

Saa tisa alasiri, macho mazito, unasoma mstari uleule mara tatu na hauingii. Mkono unajiendea wenyewe kwenye panja, unaanza kukanda. Wachina walilichunguza tendo hilo kwa karne nyingi, wakalipa ramani na majina. Leo tunaliita akupresha: kubinya sehemu maalumu za mwili kwa vidole, bila sindano. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Kichwani zinabinywa sehemu zipi?

Ramani iliyochapishwa chini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 ina sehemu 361 mwili mzima, na zipo nyingine nje ya hesabu hiyo. Usitishike. Kwa kutuliza kichwa, nne zinakutosha.

Ya kwanza iko utosini. Weka vidole gumba kwenye ncha za juu za masikio, kisha nyoosha vidole vya kati vikutane katikati ya kichwa. Vinapogusana ndipo Baihui, yaani "mikutano mia". Ya pili iko katikati ya nyusi, inaitwa Yintang. Ya tatu ni panja. Wachina wanaiita Taiyang, neno wanalolitumia pia kwa jua. Ni kile kishimo kilicho nyuma kidogo ya pembe ya nje ya jicho, kiasi cha upana wa kidole gumba kuelekea sikioni. Uma meno kwa nguvu: ukihisi msuli unacheza chini ya kidole, umefika.

Ya nne ndiyo ningependa uijue kuliko zote. Ni Fengchi, "bwawa la upepo", na ziko mbili, kisogoni. Anzia nyuma ya sikio, pitisha vidole chini tu ya mfupa wa fuvu kuelekea uti wa shingo. Kabla hujafika katikati utaangukia kwenye kishimo laini kati ya misuli miwili. Mtu aliyeinamia kazi kutwa, ukimgusa hapo, atakwambia mwenyewe: "Ehee, hapo hapo."

Mimi ni fundi cherehani. Ikifika jioni kichwa kinabana kama nimefungwa kamba. Nifanyeje?

Pole sana, dada. Hiyo kamba unayoielezea mara nyingi ni maumivu ya misuli iliyokaza. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Ukikiinamisha mbele kufuata mshono, misuli ya nyuma ya shingo inakishikilia saa zote hizo, nayo inachoka. Neva inayopeleka hisia kwenye ngozi ya kisogo mpaka utosini inapita humohumo kwenye misuli hiyo, kwa hiyo shingo ikikaza, kichwa ndicho kinachouma.

Zima mashine, sogeza nguo pembeni. Weka viwiko mezani, vidole gumba kwenye vile vishimo viwili vya kisogo, kisha legeza shingo ili kichwa kivilalie vidole. Usisukume, uzito wa kichwa unatosha kubinya. Sasa fungua taya kidogo, meno yasigusane, mabega yashuke. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Pumzi kumi na mbili hivi, kama dakika mbili. Malizia na panja dakika moja, kwa kuzungusha vidole polepole.

Halafu jiulize mambo mengine: umekunywa maji? Taa inakutosha, au unakodoa macho? Na kama umesuka juzi na misuko imebana hadi nyusi zinavutika, fumua ile ya mbele. Hakuna kidole kitakachoshindana na msuko uliobana.

Nibinye kwa nguvu kiasi gani?

Kwenye panja na katikati ya nyusi, bonyeza kama unavyolijaribu embe sokoni bila kumuudhi mwenye genge. Kisogoni unaweza kuzidisha. Ukijikuta unakunja uso kwa maumivu, punguza.

Inasaidia kweli, au ni imani tu?

Mwaka 2003 madaktari wa dawa za usingizi (wale wanaomlaza mgonjwa kabla ya upasuaji) huko Ugiriki walichapisha jaribio la watu 25 waliojitolea, waliobinywa katikati ya nyusi kwa dakika 10. Msongo waliouhisi ulipungua, na kipimo cha mawimbi ya ubongo kilishuka kuelekea utulivu, zaidi ya walipobinywa sehemu nyingine ya kulinganishia. Inatia moyo, ila watu 25 ni wachache.

Wachina wa kale walieleza kwamba kubinya kunafungua njia za nguvu ya uhai waliyoiita qi. Njia hizo hazijaonekana kwenye mwili. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya nafuu inatokana na misuli kulegea, pumzi kutulia, na zile dakika mbili ambazo hujishughulishi na lolote. Ubongo uliopumzika kidogo hurudi kwenye kazi ukiwa mwepesi. Lakini kubinya hakutibu sonona, na hakufidii usingizi wa saa nne.

Nani asibinywe?

Mtoto mchanga, utosini, kamwe. Pale panapodundadunda mifupa haijaungana, na kwa kawaida panafunga karibu na miezi 18. Usibinye pande za mbele za shingo za mtu yeyote: mshipa mkubwa wa damu unapita hapo, na kuukandamiza kunaweza kushusha mapigo ya moyo hadi mtu azimie. Penye jeraha, uvimbe au mapunye pia paache.

Ni lini niache vidole, niende hospitali?

Maumivu yakilipuka ghafla, makali kuliko yote uliyowahi kuyapata. Homa pamoja na shingo ngumu. Uso kupinda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Kichwa kuuma baada ya kuanguka au ajali. Aliyevuka miaka 50 akipata maumivu mapya ya panja, hasa akitafuna, au macho yakififia, aende siku hiyohiyo. Homa ya kawaida nayo ipimwe malaria kwanza, na kichwa kinachorudirudi ni sababu ya kupima presha.

Na mama mjamzito aliyepita mwezi wa tano, kichwa kikimuuma sana, anaona vimulimuli, uso na mikono vimevimba: hizo zinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba. Usimkande. Tafuta usafiri umpeleke, hata kama ni usiku wa manane.