Apu za teksi: yasemwayo vibarazani Malindi, na mambo yalivyo

Malindi ni mji wa tuktuk na bodaboda. Bei hukatwa kwa mdomo kabla ya kupanda, na dereva hujulikana kwa sura kama si kwa jina. Habari za apu za teksi zafika hapa nusu nusu: kijana arudi kutoka Mombasa na picha za mapato kwenye simu, na mzee barazani aapa kuwa ni wizi mtupu. Kila mmoja ameshika upande wake, na anayeumia ni yule anayekwenda kukopa gari akiwa na nusu ya habari.

"Kampuni ina magari yake"

Haina. Uber, kampuni ya apu ya teksi inayojulikana zaidi, ilianzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2009 na Garrett Camp na Travis Kalanick, ikaingia Nairobi Januari 2015 na Mombasa mwaka uliofuata. Gari ni la dereva au la tajiri aliyemkabidhi. Mafuta, tairi, bima na mkopo ni juu yao. Kampuni ni dalali. Lakini dalali wa nyumba au wa samaki hutaja bei mkasikilizana. Huyu hupanga bei peke yake, hukata chake, na anaweza kukufungia mlango wa soko bila kukuona uso.

"Dereva wa apu anapata vizuri, tazama simu yake"

Simu huonyesha zilizoingia, haionyeshi zilizobaki. Tupige hesabu ya safari moja ya shilingi 600. Kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 18. Kabla ya hapo Uber ilikuwa ikikata 25. Kwa 18, kampuni huchukua 108, hubaki 492. Abiria amebebwa kilomita 10, lakini kumfuata na kurudi mtupu ni kilomita 8 nyingine. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita limekula lita moja na nusu. Lita ikiwa shilingi 180, hiyo ni 270. Zimebaki 222, na hapo hujatoa bando, kuosha gari, wala hesabu ya mwenye gari.

Ile safari ya kurudi mtupu ndiyo inayowapiga wengi, na kwa Malindi ina uzito zaidi. Ukimpeleka mgeni Watamu, nauli ni ya kwenda tu. Wa tuktuk hulijua hilo na huliingiza kwenye bei yake tangu mwanzo. Apu haikuulizi.

Kuna na mtego wa pesa taslimu. Safari tano za 600 zikilipwa mkononi, mfukoni kuna 3,000, na dereva mgeni huziona zote zake. Shilingi 540 ni za kampuni, na apu inaandika deni. Likifika kikomo, maombi ya safari husimama mpaka alipe. Basi tenga kamisheni kila safari inapoisha, usingoje jioni.

Kutangaza mapato makubwa kuliko yalivyo si jambo la kubuni. Januari 2017 Uber ilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza madai ya tume ya biashara ya serikali ya Marekani. Ilikuwa imetangaza kuwa dereva mwenye kipato cha katikati jijini New York hupata zaidi ya dola 90,000 kwa mwaka. Tume ilisema kiwango halisi ni dola 61,000, na hata hizo kabla ya gharama za gari.

"Bei ikipanda, ni dereva anakamua"

Si yeye. Maombi yakizidi magari katika eneo, mfumo huzidisha nauli wenyewe. Mfumo haujui sababu: Desemba 2014, watu wakikimbia katikati ya Sydney, Australia, wakati wa utekaji nyara, nauli za Uber zilipanda, na kampuni ikalazimika kurudisha pesa. Kwa abiria, dawa ni kungoja dakika kumi au kusogea mtaa wa pili. Ila dereva akikuomba nyongeza nje ya bei ya apu, hiyo ni yake.

"Nauli ni rahisi kwa sababu ya teknolojia"

Kwa sehemu tu. Miaka mingi nauli ya chini ililipiwa na wawekezaji. Mwaka 2019 peke yake Uber ilipata hasara ya dola bilioni 8.5, na faida ya uendeshaji ya mwaka mzima ilionekana mara ya kwanza 2023.

"Kashfa zao ni fitina za wenye teksi"

Wenye teksi walilalamika, ni kweli, lakini mengi yalithibitika. Kampuni ilitumia programu iitwayo Greyball kuwaonyesha maafisa magari yasiyokuwepo ili wasiwanase madereva. Mwaka 2016 data za watu milioni 57 ziliibwa, na kampuni ikaficha zaidi ya mwaka mmoja. Kalanick alijiuzulu ukurugenzi mkuu Juni 2017.

"Dereva ni bosi wake mwenyewe"

Saa za kazi huchagua yeye. Bei, masharti na nyota anazopewa na abiria havimo mikononi mwake. Ndiyo sababu Mahakama ya Juu ya Uingereza, Februari 2021, iliwapa madereva wa Uber waliofungua kesi hadhi ya wafanyakazi wenye haki ya mshahara wa chini na likizo ya malipo. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Kenya, lakini hoja zake zafaa kusomwa na kila chama cha madereva wa Pwani.

"Gari la nyumbani linatosha, ni kujisajili tu"

Hili ndilo la hatari kuliko yote. Anza na bima. Bima ya gari la binafsi haigharamii abiria wa kulipa. Likigonga ukiwa na abiria, bima inaweza kukataa dai, na fidia ya majeruhi ikakuangukia wewe mwenye gari. Chukua bima ya PSV, yaani ya gari la abiria wa kulipa, peleka gari likakaguliwe, pata beji ya PSV na cheti cha mwenendo mwema, na uweke nakala za vyote ndani ya gari kabla hujawasha apu siku ya kwanza.