Kujiunga na utafiti si kupata daktari wa pekee

Wiki hii tena. Mzee mmoja wa Bahi kafika kwenye kituo chetu cha utafiti wa dawa, Dodoma mjini, asubuhi na mapema, anauliza wanasaini wapi "ile ya dawa mpya". Kijana wake kamwambia kwamba kwenye utafiti unapewa dawa kali kuliko wagonjwa wa kawaida. Madhara hakuuliza. Utafiti wenyewe unahusu nini, hakuuliza pia.

Watu hudhani kinachonitesa ni uvumi kwamba tunauza damu. Huo una jibu fupi: tyubu yetu inachukua mililita chache, mchangiaji damu hutoa kama 450 kwa mara moja. Tuendelee.

Anayeninyima usingizi ni anayekubali haraka.

Dawa inajaribiwa kwa sababu hatujui kama inaishinda iliyopo. Tungejua, ungeandikiwa ukaichukue dirishani. Huenda ni bora, huenda ni sawa na ya zamani, huenda itakutapisha bure. Wala si mimi ninayekupangia kundi, la dawa mpya au la ile ya zamani. Orodha ya bahati nasibu iliandaliwa mapema, na mara nyingi hata daktari anayekuhudumia hajui umeangukia wapi. Kuniletea kuku hakusaidii (wapo waliojaribu).

Wapo wanaosema: "Basi wengine mnawanyima." Hapana! Kongwa walipopima kama kuwanawisha watoto uso kunapunguza trakoma (ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha), vijiji vyote vya utafiti vilipewa dawa ya macho ya tetrasaikilini. Kura iliamua tu vipi viongezewe kampeni ya kunawa. Matokeo yalichapishwa 1995: trakoma kali ilikuwa imepungua kwenye vijiji vya kampeni kuliko vile vingine. Leo ni rahisi kusema wale wengine walipunjwa, lakini siku ya kura hakuna aliyekuwa na hakika kwamba kunawa uso kungefua dafu.

Mengine kwa haraka: sahihi haikufungi, unajitoa siku yoyote na matibabu yako ya kawaida yanaendelea. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yetu. Maadili yanapitiwa na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), majaribio ya dawa yanahitaji pia kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Omba kuonyeshwa vibali, ni haki yako.

Sasa linalonisumbua. Yule mzee hajakosea kabisa. Mshiriki wetu hakai foleni ndefu, akikosa tarehe anapigiwa simu, nauli anarudishiwa, vipimo vya utafiti halipii. Kwa mtu asiye na bima, hiyo ni huduma bora kuliko aliyoizoea, hata akiangukia kundi la dawa ya zamani. Ninapomwambia "hii si tiba" nasema kweli, ila anachokiona kwa macho yake ni kingine. Hiari ya mtu aliyeshindwa kulipia vipimo ni hiari kiasi gani? Kamati za maadili hutubana tusitoe pesa nyingi zikawa chambo. Foleni fupi kama chambo, sijasikia ikijadiliwa.

Ninachofanya, nikimaliza kueleza nauliza: "Ukifika nyumbani wakakuuliza umejiunga na nini, utawaambiaje?" Akijibu "nimepata dawa nzuri", hasaini siku hiyo. Anaondoka na karatasi za maelezo akazungumze na wenzake. Wengine hawarudi, na kasi yangu ya kusajili inaonekana mbovu kwenye ripoti za wafadhili. Wanilaumu tu.